Mhafidhina wa Kitale na Bungoma: Mpiga kura anayekilinda chama kisichomuuliza neno

WANASIASA wa magharibi mwa Kenya hubadilisha miungano kila uchaguzi unapokaribia, lakini yuko mpiga kura mmoja ambaye hahami. Utampata katika mashamba ya mahindi ya Kiminini na Kwanza karibu na mji wa Kitale. Utampata pia katika masoko ya Chwele, Kimilili na Webuye, kaunti ya Bungoma. Alipiga kura ya Simba wa Ford-Kenya mwaka wa 1992, na wengi wa kizazi chake wameendelea kufanya hivyo hata pale walipokuwa wamekasirika.

Ni yeye huyu ambaye leo ndiye mlalamishi mkubwa wa chama hicho. Manung'uniko yake si ya mtu wa nje anayetaka Ford-Kenya ife. Ni manung'uniko ya mwenye nyumba aliyeamka akakuta imekodishwa bila yeye kuarifiwa.

Makala haya yanaeleza mpiga kura huyo ni nani, chama chake kilitoka wapi, ana malalamiko gani, viongozi hujibu nini, na sheria za Kenya zinampa nafasi gani ya kusikizwa.

Mhafidhina ni nani?

Kwa miaka mingi magazeti ya Kenya yalilitumia neno "mhafidhina" kwa ubaya. Wahafidhina walikuwa vigogo wa KANU waliopinga mfumo wa vyama vingi na mabadiliko ya katiba. Lakini asili ya neno lenyewe ni kuhifadhi, na ndiyo maana tunayoifuata hapa: mtu anayetaka kilicho chema kidumu, na anayetaka mabadiliko yaje kwa utaratibu.

Vyama vya Kenya havikupangwa kwa itikadi kama vile vya Uingereza, ambako Conservative na Labour hutofautiana kwa sera za kodi na huduma za umma. Hata hivyo, mpiga kura mwenye mwelekeo wa kihafidhina yupo Kitale na Bungoma, na ana nguzo tatu zinazomtambulisha.

Ya kwanza ni ardhi na kilimo. Trans Nzoia ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza kwa mahindi nchini, na kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka wa 1956. Bungoma ni nchi ya miwa, kahawa na mahindi. Ya pili ni dini na heshima kwa wazee. Kanisa la Marafiki, ambalo wamishonari wake walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na Kanisa Katoliki yamejenga shule na hospitali katika eneo hili kwa vizazi kadhaa. Ya tatu ni imani kwamba mambo ya nyumbani yaamuliwe nyumbani, wala yasingoje amri kutoka Nairobi.

Nguzo hiyo ya tatu ndiyo iliyozaa siasa zake za vyama.

Mizizi katika KADU

Mtu aliyeipa imani hiyo sauti ni marehemu Masinde Muliro, mzaliwa wa Kimilili ambaye baadaye alifanya Trans Nzoia kuwa ngome yake. Muliro alichaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957. Mwaka wa 1960 aliunganisha chama chake na vingine kuunda KADU, chini ya uongozi wa Ronald Ngala.

KADU ilikuwa chama cha tahadhari. Ilihofia kwamba jamii kubwa zingehodhi serikali ya uhuru, ikadai majimbo yenye mabunge yake. Hata ndani ya KADU, hata hivyo, Kitale ilikuwa chanzo cha mvutano. Waluhya walitaka mji huo uwe katika eneo la Magharibi, ilhali Wakalenjin waliutaka Bonde la Ufa. Tume ya mipaka ya mwaka wa 1962 iliiacha Trans Nzoia katika Bonde la Ufa. Hivyo jamaa wa ukoo mmoja, wengine wakiishi Kitale na wengine Bungoma, wakajikuta katika mikoa miwili tofauti.

Kisha likaja pigo la kwanza. Novemba 1964, viongozi wa KADU walikivunja chama na kujiunga na KANU bungeni. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na mamlaka ya majimbo yakaanza kufutwa. Wapiga kura waliokuwa wameichagua KADU mwaka mmoja tu uliotangulia hawakuitwa kutoa maoni. Ndio mfano wa kwanza wa jambo ambalo mhafidhina wa eneo hili angelishuhudia tena na tena.

Muliro mwenyewe hakunyamaza ndani ya KANU. Mwaka wa 1975 alifutwa kazi ya uwaziri baada ya kupiga kura kinyume na msimamo wa serikali kuhusu ripoti ya mauaji ya J.M. Kariuki. Kwa wafuasi wake, kitendo hicho kilikuwa kipimo cha kiongozi: heri kupoteza cheo kuliko kupoteza neno lako. Kipimo hicho bado wanakitumia kuwapima waliomfuata.

Kuzaliwa kwa Ford-Kenya

Agosti 1991, Muliro alikuwa mmoja wa waasisi sita wa vuguvugu la FORD, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Bamahriz. Desemba mwaka huo kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja pekee, kiliondolewa.

Muliro hakuuona uchaguzi. Alifariki Agosti 14, 1992, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta alipokuwa akirejea kutoka London. Miezi miwili baadaye FORD iligawanyika: Ford-Asili ya Kenneth Matiba na Shikuku, na Ford-Kenya ya Odinga. Wengi wa Bungoma na Trans Nzoia walifuata Ford-Kenya, ambako Kijana Wamalwa, mbunge wa Saboti kuanzia mwaka huo, alikuwa miongoni mwa viongozi wa juu.

Mapenzi hayo hayakutokana na hotuba pekee. Machafuko ya kikabila ya mwaka wa 1991 na 1992 yaliwafukuza maelfu ya watu kutoka Endebess, Saboti na miteremko ya Mlima Elgon. Mtu aliyelala kanisani na watoto wake baada ya nyumba kuteketezwa hakukichukulia chama kama fulana ya kampeni. Kilikuwa ngao. Asiyeelewa jambo hili hawezi kuelewa kwa nini mzee wa Kitale anakasirishwa na Ford-Kenya kuliko anavyokasirishwa na chama kingine chochote.

Odinga alifariki Januari 1994, na Wamalwa akawa mwenyekiti. Raila Odinga alimpinga, na baada ya mkutano wa uchaguzi wa chama huko Thika mwaka wa 1996 kuishia katika fujo, Raila alihamia NDP. Katika uchaguzi wa 1997, Wamalwa aliwania urais na kumaliza wa nne kwa kura zaidi ya 500,000.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho Ford-Kenya kuwa na mgombea wake wa urais katika uchaguzi mkuu. Mkenya aliyefikisha umri wa miaka 18 mwaka wa 1998 sasa ana watoto wakubwa, lakini hajapata kuona jina la mgombea wa chama hicho kwenye karatasi ya urais.

Lalamiko la kwanza: Hatuulizwi

Mwaka wa 2002, Ford-Kenya iliungana na DP ya Mwai Kibaki na NPK ya Charity Ngilu, kisha wote wakawa sehemu ya NARC. Mpango huo ulizaa matunda. Wamalwa akawa Makamu wa Rais Januari 2003, cheo kikubwa zaidi ambacho mwana wa eneo hili alikuwa amekipata katika serikali. Lakini alifariki London Agosti 23, 2003, na Musikari Kombo, mbunge wa Webuye, akachukua uongozi wa chama.

Tangu hapo orodha ya miungano imekuwa ndefu. Mwaka wa 2007 Ford-Kenya ilikuwa upande wa PNU, ikimuunga mkono Kibaki. Mwaka wa 2013, chini ya Moses Wetang'ula, ilikuwa ndani ya CORD, na mwaka wa 2017 ndani ya NASA; mara zote mbili ikimpigia debe Raila, yule yule aliyeihama mwaka wa 1996. Machi 2018 maseneta wa mrengo huo walimwondoa Bw Wetang'ula katika wadhifa wa kiongozi wa wachache, nafasi ikaenda kwa James Orengo. Januari 2022 chama kilijiunga na William Ruto, na Kenya Kwanza ikazaliwa. Septemba mwaka huo Bw Wetang'ula akachaguliwa Spika wa Bunge la Taifa.

Wagombea urais watatu tofauti katika chaguzi nne. Kila mara mfuasi alielezwa baadaye kwa nini mpinzani wa jana amekuwa rafiki wa leo. Mhafidhina hapingi ushirikiano. Hata ukoo huoa nje ya ukoo. Analopinga ni kusikia habari za posa redioni.

Lalamiko la pili: Nyumba hugawanyika kila mara

Kabla ya uchaguzi wa 2007, Mukhisa Kituyi aliondoka akaongoza New Ford Kenya. Ajabu ni kwamba vyama vyote viwili, kilichobaki na kilichozaliwa, vilimuunga mkono mgombea yule yule wa urais. Mpiga kura alijiuliza: kama safari ni moja, kwa nini magari ni mawili?

Alijibu kwa kura. Bw Kombo alishindwa Webuye, naye Dkt Kituyi akashindwa Kimilili. Ford-Kenya, iliyopata viti 31 vya bunge mwaka wa 1992 na 17 mwaka wa 1997, iliambulia kiti kimoja tu, cha Kimilili.

Hadithi ilijirudia. Mwaka wa 2013 Bungoma ilimchagua Ken Lusaka kuwa gavana kwa tiketi ya New Ford Kenya, ilhali Trans Nzoia ilimchagua Patrick Khaemba wa Ford-Kenya. Mei 31, 2020, Wafula Wamunyinyi, mbunge wa Kanduyi, na katibu mkuu Eseli Simiyu walitangaza kumwondoa Bw Wetang'ula. Mvutano ulifika kwa Msajili wa Vyama na kwenye jopo la mizozo, na Bw Wetang'ula akabaki uongozini. Waliopinga wakaunda DAP-K.

Katika uchaguzi wa 2022, Ford-Kenya ilikuwa Kenya Kwanza na DAP-K ilikuwa Azimio. Bw Lusaka, safari hii akiwa Ford-Kenya, alimshinda gavana Wycliffe Wangamati, ambaye mwaka wa 2017 alikuwa ameingia kwa Ford-Kenya na sasa alikuwa DAP-K. Huko Trans Nzoia, George Natembeya wa DAP-K alimbwaga Chris Wamalwa wa Ford-Kenya. Baadaye Bw Natembeya aliongoza vuguvugu liitwalo Tawe, neno la Kibukusu lenye maana ya "hapana". Lilikuwa jina la kisiasa, lakini lilinasa kwa sababu wengi walikuwa wamelisema kimoyomoyo kwa muda mrefu.

Lalamiko la tatu: Tiketi huamua kabla ya kura

Mahali ambapo chama kimoja kina nguvu, mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Anayepata cheti cha chama huwa ameshavuka nusu ya mto. Kwa hiyo mfuasi wa kweli huumia zaidi mchujo unapovurugika kuliko anaposhindwa na chama kingine.

Sheria inaruhusu mchujo wa kura za wanachama wote au wa wajumbe wachache. Pia wapinzani wanaweza kukubaliana mmoja awaachie wengine. Mfuasi huona njia hizo mbili za mwisho kama mlango wa kupenyezea watu wa viongozi. Aliyeshindwa naye hutafuta chama kingine au huwania bila chama, na majirani waliokuwa pamoja Jumapili huanza kukwepana Jumatatu.

Lalamiko la nne: Vyeo huja, viwanda huenda

Kila muungano huuzwa kwa ahadi ya maendeleo. Mkataba wa Kenya Kwanza wa 2022 ulivitengea ANC ya Musalia Mudavadi na Ford-Kenya asilimia 30 ya serikali. Mfuasi anakubali kwamba vyeo vilipatikana. Anauliza vimeleta nini shambani.

Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichoulisha mji wa Webuye tangu miaka ya sabini, kilifungwa mwaka wa 2009, wakati ambapo wanasiasa wa Bungoma walikuwa katika baraza la mawaziri. Kilifufuliwa kwa muda, kikasimama tena, na mwaka wa 2016 kikauzwa kwa mwekezaji wa kibinafsi. Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka wa 1975, kilikodishwa kwa kampuni ya kibinafsi kwa miaka 30 mwaka wa 2025, wakati Ford-Kenya ilikuwa ndani ya serikali. Wapo wanaosema mwekezaji ataokoa kiwanda kilichokuwa kimezama katika madeni. Lakini mkulima wa miwa wa Bumula au Kanduyi alitaka kusikia kwanza kutoka kwa chama chake kabla ya mkataba kutiwa sahihi.

Hata katika masuala ya imani kumekuwa na pengo. Katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, viongozi wa makanisa mengi walipinga katiba mpya kwa sababu ya vifungu kuhusu uavyaji mimba na mahakama za Kadhi, ilhali wengi wa viongozi wa kisiasa wa Magharibi waliiunga mkono. Muumini alivutwa huku na huku.

Na bado katiba hiyo ndiyo iliyompa alichokitaka tangu enzi za KADU: serikali ya nyumbani. Kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, ndoto ya Muliro ilitimia kwa sehemu kubwa.

Viongozi wanasemaje?

Haki inataka upande wa pili usikizwe. Bungoma ina maeneobunge tisa na Trans Nzoia matano. Hayo ni 14 kati ya 290 ya nchi nzima. Rais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na robo ya kura katika angalau kaunti 24. Chama chenye ngome ya kaunti mbili hakiwezi kufika huko peke yake.

Kwa hesabu hizo, kiongozi anayekataa miungano anawahukumu watu wake kukaa nje ya serikali daima. Wamalwa hangekuwa Makamu wa Rais bila NARC. Tena chama kilichobaki hai kina thamani. Januari 2025 ANC ilikubali kumezwa na UDA, lakini Ford-Kenya haikujivunja pamoja nayo. Kwa mtu anayekumbuka Novemba 1964, hilo si jambo dogo.

Mhafidhina huelewa hoja hizi vizuri. Kwake, hesabu hiyo ingefaa iletwe mbele yake kabla ya mkataba, badala ya kutumiwa kumtuliza baadaye.

Sheria inampa nafasi gani?

Kifungu cha 38 cha katiba kinampa kila raia haki ya kushiriki katika shughuli za chama. Kifungu cha 91 kinadai chama kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka wa 2022, inaeleza utaratibu.

Mikataba ya miungano ni lazima iwe ya maandishi na iwasilishwe kwa Msajili wa Vyama. Lakini hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yote: sheria inataka mkataba uidhinishwe na baraza linaloongoza chama. Haidai mwanachama wa kawaida aulizwe. Kwa hivyo aliyepiga kura kwa miaka 30 anaweza kuhamishwa mrengo mmoja hadi mwingine bila sheria yoyote kuvunjwa.

Mwanachama mwenye lalamiko huanza katika mfumo wa ndani wa chama wa kutatua mizozo. Asiporidhika huenda kwa Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na rufaa husikizwa na Mahakama Kuu. Anayetaka kuondoka hukiandikia chama barua ya kujiuzulu. Ni vyema pia athibitishe yuko kwenye sajili ya chama gani: mwaka wa 2021 Wakenya wengi waligundua kupitia mtandao wa serikali kwamba walikuwa wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakujiunga navyo.

Kwa mbunge au seneta, mambo ni mazito zaidi. Kifungu cha 103 kinasema anayejiuzulu kutoka chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti. Mpiga kura huona kejeli hapo: mbunge akihama chama huadhibiwa, lakini chama kikiwahama wapiga kura wake hakuna adhabu yoyote ila kura.

Lililo mikononi mwake

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa Agosti 10, 2027. Mhafidhina wa Kitale na Bungoma ana njia tatu. Anaweza kukaa na kunyamaza, kwa imani kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Anaweza kuhama, kama walivyofanya wengi Trans Nzoia mwaka wa 2022. Au anaweza kukaa na kudai: ajisajili rasmi, awanie ujumbe wa tawi, ahudhurie chaguzi za mashinani ambazo wengi huzipuuza, na adai katiba ya chama irekebishwe ili mkataba wowote wa muungano upelekwe kwa wajumbe wa matawi kabla ya kutiwa sahihi.

Njia hiyo ya tatu ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayolingana zaidi na tabia yake. Anayetaka kuhifadhi kitu hukikarabati. Mabaraza ya chama yanayoamua nani ataungana na nani yanatokana na wajumbe, na wajumbe hutokana na mikutano ya matawi katika vijiji vya Kiminini, Sirisia na Tongaren. Viti katika mikutano hiyo visipokaliwa na wafuasi wenye uchungu na chama, vitakaliwa na watu waliosafirishwa kwa gari la mgombea.